Laptopu ndogo iliyochoka: jinsi ya kuiwekea Linux bila kupoteza kilichomo

Katika nyumba nyingi vijijini ipo laptopu moja ndogo iliyolala kabatini. Ililetwa na ndugu kutoka mjini, au ilinunuliwa mtumba, au ilitolewa kwa kikundi na mradi ambao umeshafunga ofisi. Ukiiwasha unaweza kwenda kuchota maji na kurudi kabla haijafunguka. Mwenyewe ameshaambiwa kuwa ni ya kutupa.

Wasikilizaji wetu wametuuliza zaidi ya mara moja kama kweli mashine hizi zinaweza kurudi kazini kwa kuwekewa mfumo wa bure uitwao Linux. Jibu letu ni ndiyo, mara nyingi zinaweza. Kuweka kwenyewe ni kazi ya saa moja au mbili, na sehemu kubwa ya muda huo ni kusubiri. Kinachowaumiza watu ni yale waliyopaswa kuyafanya kabla ya saa hiyo. Kwa sababu hiyo makala hii itakaa zaidi kwenye maandalizi, na kuweka kwenyewe tutakupitia kwa haraka.

Linux ni kitu gani

Kila kompyuta ina programu kuu inayosimamia nyingine zote: inaamka kwanza, inajua skrini iko wapi, kibodi iko wapi, faili zimehifadhiwa wapi. Hiyo ndiyo huitwa mfumo endeshi. Windows ni mfumo endeshi wa kampuni ya Microsoft. Linux ni mwingine, na kiini chake kilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, ambaye wakati huo alikuwa mwanafunzi huko Helsinki, Finland. Kama unatusoma kwa simu ya Android, ujue kuwa simu hiyo nayo inaendeshwa na kiini hicho hicho cha Linux. Kwa hiyo si kitu kigeni kama watu wanavyodhani.

Tofauti kubwa ni ruhusa. Linux ni programu huria: maandishi yaliyoitengeneza yako wazi kwa yeyote, na leseni yake inaruhusu kuitumia, kuinakili na kumpa jirani bila kulipa na bila kuvunja sheria. Mtu mmoja kijijini akiipakua, wengine kumi wanaweza kunakili kwake. Kwa sisi tunaonunua bando kwa megabaiti, jambo hilo si dogo.

Kwa kuwa kila mtu anaruhusiwa kuitengeneza apendavyo, zipo aina nyingi. Ni kama mahindi yale yale, huyu anasaga sembe na yule anakoboa makande. Debian ilianza mwaka 1993. Ubuntu ilitoka mwaka 2004, nyuma yake akiwa Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Linux Mint, Lubuntu na antiX ni watoto na wajukuu wa hizo mbili. Hata lugha yetu imo katika historia hii: mwaka huo huo wa 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kupitia mradi wa Kilinux kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia barua na mahesabu yenye menyu za Kiswahili. OpenOffice hiyo ndiyo iliyozaa LibreOffice mwaka 2010, ambayo leo utaikuta tayari ndani ya Linux nyingi.

Kwa nini mashine ndogo ndizo huchoka mapema

Mashine hizi zilianza kuenea mwaka 2007, Asus ilipotoa Eee PC yenye skrini ya inchi 7 na nafasi ya GB 4 tu ya kuhifadhia. Wengi wamesahau kwamba Eee PC ya kwanza ilitoka kiwandani ikiwa na Linux. Baadaye watengenezaji wakahamia Windows XP, kisha Windows 7, huku ndani kukiwa na prosesa ndogo ya Intel Atom na RAM ya GB 1. Miaka iliyofuata zikaja za inchi 11 zenye GB 2 au 4 za RAM na nafasi ya GB 32, na nafasi hiyo ikawa inajazwa na Windows 10 yenyewe hadi masasisho yanakosa pa kuingia.

Sasa mlango wa upande huo umefungwa. Windows 7 iliacha kuhudumiwa tarehe 14 Januari 2020, na huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inadai angalau RAM ya GB 4 na nafasi ya GB 64, kwa hiyo laptopu ndogo nyingi haziwezi kuvuka kwenda huko. Kinachobaki kwa wengi ni kwenda kwa fundi mjini "kupigiwa windo", yaani kuwekewa nakala ya Windows isiyolipiwa, ambayo mara nyingi huja na programu ya kudanganya leseni na virusi vyake. Baada ya miezi mitatu unarudi pale pale, na pesa imekwenda.

Nani asiharakishe

Kabla hujaendelea, jiulize mashine inafanya kazi gani. Kama mhasibu wa ushirika wenu anatumia QuickBooks ya kuwekwa kwenye kompyuta, au programu yoyote iliyotengenezwa kwa ajili ya Windows peke yake, usiiguse. Programu hizo hazifunguki kwenye Linux kwa namna ya kutegemewa. Faili za kawaida za Excel na Word zinafunguka vizuri kwa LibreOffice, ila zile zenye vitufe na hesabu za kujiendesha zilizotengenezwa na mtaalamu zinaweza kugoma. Nakili faili kama hiyo, ijaribu kwanza kwenye kompyuta nyingine yenye LibreOffice. LibreOffice inapatikana pia kwa Windows, kwa hiyo unaweza kuijaribu leo bila kubadili chochote.

Na kama laptopu ni ya kikundi, ya shule au ya zahanati, si uamuzi wa mtu mmoja. Kaeni, mkubaliane, muandike kwenye daftari la kikao. Tunasema hivi kwa sababu faili zikipotea, swali la kwanza litakuwa nani alikuruhusu.

Okoa kilichomo kwanza

Hapa tutakaa kidogo, kwa sababu hapa sisi wenyewe tuliumia.

Tulikuwa na laptopu ya inchi 10 tuliyoitumia kurekodia mahojiano vijijini. Ilipozidi uzito tukaamua kuiwekea Linux. Tulifanya jambo la kwanza vizuri: tulihamisha mahojiano yote kwenye diski ya nje. Kisha tukaiacha diski hiyo ikiwa imechomekwa. Programu ya kuweka ilipotuuliza ifute diski ipi, ikatuonyesha majina mawili ya herufi zinazofanana, tofauti ikiwa herufi moja tu mwishoni. Mwenzetu akachagua la kwanza na kubonyeza. Ndani ya sekunde chache orodha ya diski ya nje ilikuwa imefutwa, na mfumo mpya ulikuwa unaandikwa juu ya sauti za wazee ambao baadhi yao hatuwezi tena kwenda kuwahoji. Tulirudishiwa vipande vichache na programu ya kuokolea faili, vingi bila majina, vingine vikikatika katikati ya neno.

Kwa hiyo utaratibu wetu sasa ni huu. Nakala mbili, si moja: moja kwenye diski ya nje au flashi, nyingine kwenye kompyuta ya mtu mwingine au kadi ya simu. Baada ya kunakili, chomoa flashi hiyo, ichomeke kwenye kompyuta nyingine, fungua faili tano au sita uone kama kweli zinafunguka. Folda inaweza kuonekana imejaa kumbe ni njia za mkato zilizoachwa na virusi. Usisahau yaliyojificha: picha zilizobaki kwenye mezani ya skrini, faili zilizopakuliwa, orodha ya kurasa ulizozihifadhi kwenye kivinjari, na maneno ya siri ambayo kivinjari kilikuwa kinakukumbukia. Kisha, wakati wa kuweka Linux, laptopu iwe imechomekwa vitu viwili tu, chaja na flashi ya kuwekea.

Wenye Windows 10 au 11 waangalie jambo moja zaidi. Baadhi ya laptopu hizo hufunga diski kwa ufunguo wa siri bila mwenyewe kujua. Ndiyo maana kunakili faili kufanyike ukiwa ndani ya Windows inayofanya kazi, usisubiri hadi ikatae kuwaka.

Ijue mashine yako

Unahitaji kujua mambo mawili: RAM ni kiasi gani, na prosesa ni ya biti 32 au 64. Ukiwa kwenye Windows, bonyeza kwa kitufe cha kulia cha mausi juu ya alama ya kompyuta yako, kisha chagua "Properties". Utaona kiasi cha RAM na jina la prosesa. Jina ndilo la kuaminiwa zaidi, kwa sababu Windows 7 ya biti 32 inaweza kuwa imewekwa kwenye prosesa ya biti 64. Intel Atom N270 na N280, zilizojaa kwenye laptopu ndogo za mwaka 2008 na 2009, ni za biti 32. N450, N455 na N570 zilizofuata ni za biti 64. Laptopu zenye Celeron za miaka ya karibuni zote ni 64.

Ukikosea hutaharibu kitu. Flashi ya biti 64 ikichomekwa kwenye mashine ya biti 32 itaandika sentensi moja ya kulalamika kwenye skrini nyeusi na kusimama hapo. Zima, tafuta nyingine.

Sasa uchague. Kama una RAM ya GB 4 na biti 64, chukua Linux Mint ya aina ya Xfce. Ndiyo tunayoipendekeza kwa mtu anayehama kutoka Windows, maana menyu iko kule kule chini kushoto na hutapotea. Kwa GB 2 na biti 64, Lubuntu inatosha. Chukua toleo la muda mrefu, yale yanayotoka kila baada ya miaka 2 na kuhudumiwa kwa miaka 3. Kwa GB 1, au kwa prosesa ya biti 32, nenda moja kwa moja kwa antiX. Sura yake si ya kupendeza sana, tuseme ukweli, lakini ni nyepesi na bado inatoa toleo la biti 32 wakati wengine wameshaacha. Debian nayo ilikuwa kimbilio la mashine hizo, ila toleo la 12 la Juni 2023 ndilo la mwisho kuja na flashi ya kuwekea ya biti 32. Toleo la 13 la Agosti 2025 halina.

Usitegemee miujiza. Laptopu ya GB 1 itaandika barua, itapiga hesabu za kikundi, itacheza muziki na rekodi, itafungua tovuti nyepesi. Video za intaneti zitakwama, na ukifungua kurasa nne kwa pamoja kwenye kivinjari utajuta. Uzito huo unatoka kwenye tovuti za siku hizi, na hakuna mfumo endeshi unaoweza kuupunguza.

Kupakua kwa simu

Faili la kuwekea Linux linaishia na herufi iso. La Mint au Lubuntu lina karibu GB 3; la antiX ni kati ya GB 1 na 2 kulingana na aina. Lichukue kwenye tovuti za wenyewe tu: linuxmint.com, lubuntu.me, antixlinux.com au debian.org. Usichukue kwenye kundi la WhatsApp kwa mtu usiyemjua.

Huna haja ya kompyuta ya pili. Simu ya Android yenye nafasi ya GB 4 inatosha. Pakua usiku kwa bando la usiku, au siku ukiwa mjini mahali penye Wi-Fi. Mtandao ukikatika, vivinjari vingi vya simu vitaendelea pale vilipoishia ukibonyeza tena, ila si mara zote. Faili lililokatika katikati ndilo chanzo cha matatizo mengi ambayo watu huilaumu Linux. Linganisha ukubwa wa faili ulilopata na ukubwa ulioandikwa kwenye tovuti, hadi tarakimu ya mwisho.

Kisha unahitaji flashi ya GB 8 isiyo na kitu unachokihitaji, kwa kuwa itafutwa yote, na waya mfupi wa OTG wa kuunganisha flashi na simu. Kunakili faili kwenye flashi kama unavyonakili wimbo hakutafanya kazi. Linatakiwa kuandikwa kwa namna ya pekee ili kompyuta iweze kuamkia kwenye flashi hiyo. Kwa simu ya Android ipo programu huria iitwayo EtchDroid inayofanya kazi hiyo. Fungua, chagua faili, chagua flashi, kubali, kisha iweke simu mezani na usiiguse. Waya wa OTG ukitikisika tu kazi yote inaanza upya. Chaji simu ijae kabla, kwani tundu la chaji ndilo litakalotumika.

Kama unayo kompyuta ya Windows inayofanya kazi, programu ya Rufus hufanya jambo hilo hilo kwa haraka zaidi.

Jaribu kabla ya kufuta

Chomeka flashi kwenye laptopu ikiwa imezimwa. Washa, na papo hapo gonga mfululizo kitufe cha kuchagulia pa kuamkia. Kwa Eee PC ni Esc, kwa Dell na Lenovo nyingi ni F12, kwa HP ni Esc au F9, kwa Acer ni F12, ingawa Acer Aspire One nyingi hukataa hadi uingie kwanza kwa F2 na kuiruhusu menyu hiyo. Ukiona nembo ya Windows umechelewa, zima urudie. Laptopu za baada ya mwaka 2012 zinaweza kuwa na ulinzi uitwao "Secure Boot". Mint, Lubuntu na Debian zinapita nao; kwa antiX itabidi uingie kwenye mipangilio ya mashine na kuuzima.

Baada ya dakika chache utakuwa ndani ya Linux, na diski yako bado haijaguswa hata kidogo. Kila kitu kinaendeshwa kutoka kwenye flashi. Usiihukumu kasi yake hapo, flashi ni nzito. Ikishawekwa kwenye diski itakuwa nyepesi zaidi. Tumia nafasi hii kama mnunuzi wa ng'ombe mnadani: kagua kila kiungo. Je, Wi-Fi inaona mitandao? Sauti inatoka? Kamera inawaka? Mwanga wa skrini unapungua na kuongezeka? Kama mna printa, ichomeke ujaribu kuchapa ukurasa mmoja. Funga kifuniko, fungua, uone kama inaamka. Lisilofanya kazi hapa huenda lisifanye kazi baadaye pia, na ni afadhali kulijua sasa ambapo bado unaweza kuchomoa flashi, kuzima na kurudi kwenye Windows yako ilivyokuwa.

Hata kama hutaendelea, flashi hii ina faida nyingine. Laptopu ambayo Windows yake imekufa kabisa inaweza kuamshwa kwa flashi hii na faili zako zikanakiliwa kutoka kwenye diski. Na ile flashi ya steshenari iliyobadilisha folda zako zote kuwa njia za mkato, ichomeke hapa. Mara nyingi utaziona folda halisi zikiwa mahali pake, kwa sababu virusi vya Windows haviwezi kujiendesha kwenye Linux na hila yao ya kuficha haifui dafu.

Kuweka

Chagua siku ambayo umeme hausumbui. Laptopu ndogo hutumia umeme mdogo, kwa hiyo hata mtambo mdogo wa sola wenye inveta unaiendesha, lakini betri nyingi za mashine hizi zimekufa na umeme ukikatika inazimika papo hapo. Ikizimika katikati mashine haijafa, utaanza tena kwa flashi ile ile. Ila kilichokuwa kwenye diski hakirudi.

Bonyeza alama ya "Install". Utaulizwa lugha, aina ya kibodi na mahali ulipo. Kwa Tanzania chagua Dar es Salaam, kwa Kenya Nairobi. Skrini ya laptopu hizi ni fupi, na mara nyingine vitufe vya kuendelea vinajificha chini usivione. Shikilia kitufe cha Alt, kisha kamata dirisha popote kwa mausi ulivute juu. Hili peke yake limewakwamisha watu wengi wakadhani mashine imeganda.

Kisha linakuja swali la diski. Unaweza kufuta yote na kuweka Linux peke yake, au kuiweka kando ya Windows ili uchague kila unapowasha. Kwenye diski ya GB 32 hakuna nafasi ya wawili. Futa yote au acha kabisa. Kwenye diski ya GB 160 au zaidi wanaweza kukaa pamoja, ingawa mashine iliyoshindwa kubeba Windows haioni faida kubwa ya kuendelea kuihifadhi. Kabla ya kubonyeza, soma ukubwa wa diski ulioandikwa hapo. Kama laptopu yako ina GB 160 na unachokiona ni GB 8, hiyo ni flashi. Kama unaona GB 500, jiulize umeacha nini kimechomekwa. Ukibonyeza hapo, huna njia ya kurudi.

Mwisho utapewa nafasi ya kuandika jina na neno la siri. Liandike kwenye karatasi na ulihifadhi panapofaa, maana utaliandika kila unapoongeza programu. Kwa laptopu ya kikundi, wajue wawili. Ukiulizwa kama diski ifungwe kwa siri, kwenye prosesa ndogo za Atom tunashauri ukatae: inaipunguza kasi, na ukisahau neno hilo hakuna fundi atakayekufungulia.

Siku za kwanza

Kero ya kwanza huwa Wi-Fi. Laptopu ndogo nyingi zina kifaa cha Broadcom kinachohitaji programu ya ziada, na programu hiyo iko kwenye intaneti ambayo huna kwa sababu Wi-Fi haifanyi kazi. Suluhisho liko mfukoni mwako. Unganisha simu na laptopu kwa waya wa USB, kisha kwenye mipangilio ya simu washa kushiriki intaneti kwa USB. Laptopu itaiona simu kama waya wa mtandao. Kwenye Mint fungua kitafutaji cha madereva, nacho kitakutajia kinachohitajika.

Kero ya pili ni saa. Kama betri ndogo ya duara iliyoko ndani imekufa, laptopu itaamka ikidhani ni mwaka 2009, na kivinjari kitakataa karibu kila tovuti kikidai si salama. Rekebisha tarehe, tovuti zitafunguka. Betri hiyo mara nyingi ni CR2032, ile ile ya baadhi ya mizani. Kwenye baadhi ya laptopu ina waya wake, hivyo mfungulie fundi aangalie kabla ya kununua.

Masasisho ya mara ya kwanza yanaweza kula mamia ya megabaiti, hivyo yafanye ukiwa na bando la usiku. Zima masasisho ya kujiendesha, kisha mara moja kwa mwezi fungua dirisha la amri uandike sudo apt update, na ikimaliza, sudo apt upgrade. Amri hizi mbili ni zile zile kwa Mint, Lubuntu, Debian na antiX. Programu nyingine zichukue kwenye ghala la mfumo wenyewe, si kwenye tovuti za kubahatisha. VLC itacheza rekodi yoyote ya kipindi utakayoipakua, na kwa shule zisizo na mtandao Kiwix inahifadhi Wikipedia ya Kiswahili ndani ya mashine ikasomwa bila bando.

Ukimtumia mtu barua uliyoandika kwa LibreOffice, ihifadhi kwanza kwa namna ya Word, au ya PDF kama hatakiwi kuibadilisha. Vinginevyo steshenari ya mjini itakuambia faili lako limeharibika.

Kama una pesa kidogo ya kuongeza, usinunue programu. Badilisha diski ya kuzunguka kwa SSD ndogo, na ongeza RAM ifike GB 2 pale inapowezekana. Zile za GB 32 kwa kawaida hazifunguki kwa namna hiyo. Kila kitu kimechomelewa kwenye ubao.

Flashi uliyotumia usiifute. Iandike kwa kalamu, iweke kwenye bahasha pamoja na karatasi ya neno la siri. Siku laptopu itakapokataa kuwaka ndiyo utakayoanza nayo, na jirani akija na ya kwake, mpe anakili.